Mwethya wa Wauzaji wa Mtandaoni: Fundisho kutoka Kitui na Makueni

Kwa mama anayeuza vyondo, asali au nguo kwa njia ya simu huko Wote au Mwingi, kumpata mteja si kazi ngumu kama zamani. Picha hupigwa asubuhi, na kabla ya adhuhuri huenda mnunuzi wa Likoni au Malindi amekwisha kuuliza bei. Ugumu huanza hapo. Mnunuzi hamjui muuzaji, kwa hivyo hataki kulipa kabla ya kuuona mzigo. Muuzaji naye hamjui mnunuzi, na anaogopa kuutuma kabla ya kulipwa. Nauli ya kifurushi kimoja hula sehemu kubwa ya faida, na kifurushi kikirudishwa, mtaji wenyewe hupungua.

Mtu mmoja hawezi kuyatatua hayo peke yake, hata akiwa hodari namna gani. Ndiyo sababu wauzaji wa mtandaoni katika kaunti hizi mbili wanahitaji chama chao. Lakini ni lazima tuulize: chama cha namna gani? Vikundi vya WhatsApp tunavyo tele, na vingi vimegeuka kuwa soko ambamo kila mmoja ananadi na hakuna anayenunua.

Mfano mwema uko karibu. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilishuka kutoka Kitui hadi Mombasa ikibeba pembe za ndovu. Miongoni mwa viongozi wake mashuhuri alikuwa Kivoi wa Mwendwa, aliyempokea mmisionari Krapf mwaka 1849. Katika nyika ile kavu, wafanyabiashara walisafiri kwa misafara ili walindane njiani. Huko nyumbani nako, Wakamba walikuwa na mwethya, yaani kundi la majirani wanaokusanyika kufanya kazi moja, leo katika shamba la huyu, kesho katika shamba la yule. Makueni ilipokuwa bado sehemu ya wilaya ya Machakos, kabla ya 1992, makundi hayo, ambayo wengi wao walikuwa wanawake, yalichimba matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo. Mwethya ulidumu kwa sababu kila aliyekuja alikuta kazi inayomsubiri.

Basi chama cha wauzaji nacho kianze na kazi, na kazi ya kwanza iwe kusafirisha mizigo pamoja. Tuchukue mfano. Tuseme nauli ya kifurushi kimoja hadi Mombasa ni shilingi 300. Wanachama 10 wakituma kila mmoja siku yake, zimetoka shilingi 3,000. Wakikubaliana siku moja kwa juma na kutia vifurushi vyote katika gunia moja linalotozwa shilingi 800, kila mmoja ametoa shilingi 80 tu. Jiografia nayo inasaidia: mizigo ya Kitui ikipita barabara ya lami ya Mutomo hutokea Kibwezi, ndani ya Makueni, kwenye barabara kuu ya Mombasa. Hapo wanachama wa kaunti zote mbili wanaweza kuunganisha mizigo yao.

Kazi ya pili ni kukagua. Mwanachama asitume bidhaa ambayo mwenzake hajaiona na kuilinganisha na picha aliyoonyeshwa mteja. Asali na vyakula vingine vilivyofungwa viwe na alama ya ubora ya KEBS. Kila agizo na kila deni liandikwe katika daftari moja. Sisi Waislamu tunaijua Aya ya 282 ya Suratul Baqarah, inayoamrisha kuandika deni la muda na kuweka mashahidi. Agizo lililolipiwa nusu nalo ni deni.

Usajili si mgumu. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 inataka watu wasiopungua 10, nao hujisajili kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii wakiwa na katiba yao. Katiba hiyo itaje mambo mawili ambayo huvunja vyama vingi. La kwanza ni wateja. Orodha ya nambari za simu za wateja ni amana, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 hairuhusu zigawanywe ovyo. Mwanachama anayechota wateja wa mwenzake kutoka katika daftari la mizigo aondolewe. La pili ni bei. Wanachama wasikae kupanga bei moja ya kumkamua mnunuzi, kwani Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 inakataza jambo hilo. Wasaidiane nauli na ukaguzi, kisha kila mmoja auze kwa bei yake.

Inabaki sehemu yetu sisi wa Pwani. Gunia likifika Mombasa lahitaji mtu wa kulipokea, na hapa ndipo akina mama wetu wenye baraza au duka dogo wanapoweza kuingia. Mama mwaminifu alipokee, mnunuzi aje aione bidhaa yake, airidhie, kisha alipe moja kwa moja kwa simu ya muuzaji. Isiyoridhiwa irudi katika gunia la juma linalofuata, na mpokeaji alipwe ujira wake kwa kila kifurushi. Kwa mpango huo hofu ya mnunuzi na hofu ya muuzaji zote hupungua, na nyumba ya tatu nayo hupata riziki ya halali.

Mwenye nia asingoje wafike 100. Watu 10, daftari moja na siku moja ya juma vyatosha kuanza. Wakituma magunia manne bila malalamiko, watakuwa na sifa njema ya kuwavuta wengine. Mwenyezi Mungu awatilie baraka katika jasho lao.