Tezi dume: kwa nini usisubiri dalili

Baba yangu mkubwa aliumwa mgongo karibu mwaka mzima. Kila mtu alikuwa na jibu lake: uzee, jembe, godoro bovu. Alipokuja kupimwa vizuri, ikaonekana ni saratani ya tezi dume, na ilikuwa imeshafika kwenye mifupa. Akaniuliza mimi, msomi wa ukoo: "Mwanangu, mbona nilikuwa nakojoa vizuri tu?"

Jibu liko kwenye umbile la tezi yenyewe. Tezi dume ipo chini ya kibofu cha mkojo, na hutengeneza sehemu ya majimaji yanayobeba mbegu za kiume. Mrija wa mkojo hupita katikati yake. Hebu fikiria chungwa lililotobolewa katikati na kupitishwa mrija. Umri ukisogea, nyama za ndani, zilizo karibu na mrija, huvimba kwa wanaume wengi. Ndiyo maana mzee anaamka kukojoa mara nne usiku, na mkojo unatoka kwa kusuasua. Uvimbe huo si saratani. Saratani yenyewe mara nyingi huanzia upande wa nje, karibu na ganda la chungwa. Kule hakuna mrija wa kubana, kwa hiyo inaweza kukua kimya kimya kwa miaka.

Kwa hiyo kukojoa vizuri si ushahidi kwamba uko salama. Inabidi kupima kabla ya dalili.

Wengi wakisikia kupima, wanawaza kidole, wanakimbia. Kumbe siku hizi kwa kawaida huanza kipimo cha damu kiitwacho PSA. PSA ni protini inayotengenezwa na tezi dume, na kiasi kidogo huvuja kwenye damu. Madaktari wengi huanza kufuatilia ikizidi nanogramu 4 kwa mililita, ingawa umri nao huangaliwa.

Lakini tusidanganyane: PSA ikipanda haimaanishi moja kwa moja una saratani. Uvimbe wa kawaida, maambukizi, hata kumwaga manii siku moja au mbili kabla ya kipimo vinaweza kuipandisha. Hapo kipimo hurudiwa, na ikibidi hufuata picha ya MRI na kuchukua vipande vidogo vya nyama ya tezi. Na si kila saratani ikionekana hukimbiliwa kutibiwa. Nyingine hukua taratibu sana, daktari anaifuatilia tu, kwa sababu upasuaji na mionzi vinaweza kuathiri nguvu za kiume na uwezo wa kuzuia mkojo.

Pamoja na hayo, faida ipo. Utafiti mkubwa ulioanza Ulaya miaka ya 1990 ulionyesha kuwa waliopangiwa kupimwa PSA walikufa kwa saratani hii wachache kuliko wengine. Nchini Marekani, karibu wote wanaogunduliwa saratani ikiwa bado ndani ya tezi huwa hai miaka 5 baadaye. Ikiwa imesambaa mbali, ni kama theluthi moja tu.

Zungumza na daktari ukifika miaka 50. Kwa watu weusi, au ukiwa na baba au kaka aliyeugua, anza miaka 45.

Baba yangu ni mdogo wake baba mkubwa, tumbo moja. Mwezi uliopita nilimsindikiza kupima. Sindano moja ya mkononi, akakunja shati, akaniangalia: "Ndiyo imeisha?"

Ndiyo, baba. Imeisha.