Kiti Kando ya Mtoto: Ulipie au Usubiri?

Shule za Stockholm zinapofungwa katikati ya Juni, familia zetu nyingi huwa zimeshakata tiketi za kwenda nyumbani tangu wakati wa baridi. Bei ya tiketi tunaijua na tunajipanga nayo, kila mwezi kiasi fulani kinawekwa kando. Kinachotushtua ni ukurasa unaofuata baada ya kuchagua ndege, ule wenye mchoro wa viti. Kiti cha dirishani kina bei, cha kati kina bei, na hata kile cha nyuma karibu na choo kina bei. Baba anamtazama mama, mama anamtazama baba: tukikataa kulipa, mtoto wa miaka minne atakaa na nani?

Tupige hesabu kwanza. Kutoka Arlanda hakuna ndege ya moja kwa moja ya kwenda Dar es Salaam, Nairobi wala Entebbe. Ni lazima ubadili ndege Istanbul, Doha, Dubai, Addis Ababa, Amsterdam au kwingineko. Yaani kwenda ni ndege mbili, na kurudi ni mbili. Familia ya watu watano haichagui viti vitano, inachagua viti 20. Tuseme kila kiti ni krona 250: hizo ni krona 5,000 hata kabla hujanunua zawadi moja ya bibi. Kwa wengi wetu hiyo ni karo ya mtoto wa ndugu, au mabati ya nyumba inayojengwa kidogo kidogo.

Tumefikaje hapa? Zamani ukinunua tiketi, sanduku, chakula na kiti vilikuwa ndani yake. Mwaka 2008, bei ya mafuta ilipopanda sana, American Airlines ilianza kutoza dola 15 kwa sanduku la kwanza, na mashirika mengine makubwa ya Marekani yakafuata. Huku Ulaya, mashirika ya bei nafuu kama easyJet na Ryanair hayakuwa yakipanga viti kabisa. Aliyeingia kwanza alikaa alipotaka, kama daladala. Hapo ndipo haki ya kupanda mapema ilipokuwa na thamani kubwa, kwa sababu aliyelipia alikuwa ananunua nafasi ya kukaa na watoto wake. Kisha easyJet ikaanza kupanga viti mwaka 2012, na Ryanair mwaka 2014. Mbio za getini zikapungua, lakini malipo hayakuondoka. Sasa kinachouzwa ni kiti chenyewe.

Kwa hiyo mambo haya mawili tuyatenganishe, kwa maana mara nyingi yanauzwa pamoja kama kitu kimoja. Kukaa pamoja ni hitaji. Kupanda mapema ni starehe tu, na si kila familia inaihitaji.

Tuanze na kukaa pamoja. Sheria inasemaje? Kanada imeandika wazi. Tangu Desemba 2019, kwa safari za kwenda Kanada, kutoka huko na za ndani ya nchi, shirika linatakiwa kumsaidia mtoto aliye chini ya miaka 5 akae kando ya mzazi au mlezi wake bila malipo ya ziada. Wa miaka 5 hadi 11 akae safu ileile, na kati yao kusiwe na zaidi ya kiti kimoja. Wa miaka 12 na 13 asitenganishwe na mzazi kwa zaidi ya safu moja. Ndiyo maana shangazi aliye Toronto anaweza kukuambia kwamba yeye halipii, na anasema kweli. India nayo iliyaagiza mashirika yake mwaka 2024 yahakikishe mtoto asiyezidi miaka 12 anakaa na angalau mzazi mmoja.

Ulaya bado hatujafika hapo. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1008 ya mwaka 2008 inayaachia mashirika uhuru wa kupanga bei. Inayabana kwa jambo moja linalotusaidia: nyongeza isiyo ya lazima ielezwe wazi tangu mwanzo wa ununuzi, na mteja aichague mwenyewe. Kisanduku kilichotiwa alama kabla hujakigusa hakiruhusiwi. Juni 2025, kamati ya usafiri ya Bunge la Ulaya ilipiga kura kutaka watoto walio chini ya miaka 12 wakae na mtu wao bila malipo ya ziada. Lakini kura ya kamati si sheria, na tiketi ya mwaka huu inakatwa kwa sheria zilizopo.

Hata hivyo, mashirika yana sababu yao wenyewe ya kutowatenganisha watoto. Sheria za usalama zinataka abiria wakae mahali ambapo, ndege ikitakiwa kuhamwa haraka, hawatazuia wengine kutoka. Mtu yeyote mwenye mtoto anajua kwamba moshi ukitokea, mzazi aliye safu ya 12 hatakimbilia mlango wa safu ya 11. Atarudi nyuma safu ya 30 kumtafuta mwanawe, na njia itaziba. Na hakuna mhudumu anayependa kukaa saa saba na mtoto wa mwenzake anayelia. Ndiyo maana mara nyingi mfumo humweka mtoto mdogo karibu na mtu mzima mmoja hata kama hujalipa. Neno la kuzingatia ni "mmoja". Baba anaweza kutupwa mbali, na kijana wa miaka 13 pia. Usipolipa, kwa kawaida mtoto hatabaki peke yake, ila huna ahadi mkononi wala uchaguzi.

Basi kabla ya kutoa kadi ya benki, fanya haya.

Kwanza, kata tiketi zote chini ya namba moja ya uhifadhi, na umri wa watoto uandikwe sawasawa. Hili lina uzito wa pekee kwetu, kwa sababu majina yetu hayafuati desturi ya hapa. Mama ni Salim, baba ni Haji, mtoto anaitwa kwa jina la kwanza la baba yake. Mfanyakazi anayetazama orodha ya majina haoni familia, anaona watu watatu wasiojuana. Mama akisafiri na watoto peke yake, achukue pia hati ya usajili wa familia kutoka Skatteverket, ambayo hutolewa hata kwa Kiingereza, na barua ya idhini ya baba. Itamsaidia kaunta na mpakani pia.

Pili, soma masharti ya shirika lako kuhusu watoto. Ryanair, kwa mfano, humtaka mtu mzima anayesafiri na mtoto aliye chini ya miaka 12 alipie kiti chake, kisha watoto hadi wanne hupewa viti kando yake bure. Mahali pengine ni tofauti kabisa.

Tatu, piga simu mapema. Kama una mtoto mchanga, ulizia kile kitanda kinachofungwa ukutani mbele ya safu ya kwanza. Ni vichache, na hupewa walioomba mapema.

Nne, usilipie viti vyote 20 kwa mkupuo. Kutoka Arlanda hadi Istanbul ni kama saa tatu na nusu, mchana watoto wanaweza kuvumilia. Safari ya usiku kuteremka Afrika Mashariki ndiyo inayotaka mtoto alaze kichwa kwenye paja lako. Lipia hiyo, nyingine ngojea. Angalia pia aina ya ndege. Airbus A330 kwa kawaida ina viti 2-4-2, na familia ya wanne hujaza katikati vizuri. Boeing 777 nyingi zina 3-4-3, na Boeing 787 ni 3-3-3. Safu za milango ya dharura ziache, watoto hawaruhusiwi kukaa hapo.

Tano, jisajili kwa safari dakika ileile mfumo unapofunguka. Viti visivyolipiwa hugawiwa wakati huo, na anayechelewa hupata makombo. Ukiona mmetenganishwa, nenda kaunta Arlanda mapema, usisubiri mlangoni mwa ndege. Ndani ya ndege utakuwa unamwomba mtu aliyelipia dirisha lake ahamie katikati ya watu wawili. Akikataa hana kosa. Ukiomba, mpe kiti kinacholingana na chake au kilicho bora zaidi.

Na kupanda mapema? Mashirika mengi huita familia zenye watoto wadogo mwanzoni bila malipo, kwa hiyo sikiliza tangazo kabla ya kununua. Unachonunua hasa siku hizi ni nafasi ya mzigo kwenye kabati la juu. Mwaka 2014, katika kesi iliyohusu Vueling ya Hispania, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema mzigo wa mkononi wenye ukubwa na uzito wa kadiri hautozwi ziada. Kinachobishaniwa mpaka leo ni ukubwa huo wa kadiri. Kama masanduku yenu yote yameshapelekwa, kupanda mapema kunakupa dakika 30 zaidi za kumshikilia mtoto mwenye miguu inayowasha. Afadhali baba atangulie na mikoba, mama abaki na watoto wakimbie ukumbini mpaka mwisho.

Ukilipia kiti kisha ndege ikabadilishwa ukakikosa, dai pesa zako kwa maandishi na uambatishe risiti. Shirika likigoma, Allmänna reklamationsnämnden husikiliza malalamiko ya wateja wa Uswidi.

Familia ya watu watano inaweza kulipia viti vitatu vya ndege ya usiku pekee, mtoto mdogo, mzazi wake na ndugu anayemfuata, kwenda na kurudi. Hivyo ni viti sita badala ya 20. Kwa bei yetu ya mfano ni krona 1,500, na krona 3,500 zinafika nyumbani pamoja nanyi.