Sabuni ya mitishamba: Jua kinachofanya kazi kabla hujajipaka

UKIFUNGUA TikTok jioni yoyote, hutakosa video ya mtu anayekata kipande cha sabuni ya kijani, laini kama siagi, huku akiahidi kwamba mwarobaini uliomo utamaliza chunusi zako ndani ya wiki moja. Ukiteremka kidogo, mwingine amejipaka udongo uso mzima. Wa tatu anakamua limau kwenye bakuli la manjano. Viungo vyote hivyo unavijua, vingine viko kwa mama mboga hapo chini ya ploti. Unajiuliza: kwani mimi nashindwa na nini?

Hushindwi na kitu. Vijana wengi wameanza hivyo hivyo. Kuna waliochoshwa na bei ya losheni, na kuna wanaoogopa krimu za kujichubua zenye zebaki na hidrokwinoni, ambazo Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa Nchini (KEBS) limezipiga marufuku. Hofu hiyo ina msingi. Lakini kuna jambo ambalo video hizo huliruka: si kila mmea una kazi ndani ya sabuni, na neno "asili" halimaanishi "salama". Ukikosea hapa, unaweza kupoteza zaidi ya urembo. Unaweza kupoteza jicho.

Ndani ya sabuni, mmea ni mgeni tu

Sabuni hutokea mafuta yanapokutana na kostiki soda iliyoyeyushwa kwenye maji. Vitu hivyo huungana, na mwishowe unabaki na sabuni pamoja na glisarini. Basi ukitia unga wa mwarobaini humo, unga huo kwanza unakabiliana na kostiki kali, na sehemu ya kilichomo ndani yake huharibika. Kinachobaki kinakaa kwenye ngozi yako chini ya dakika moja, kisha unakisuuza kinaenda na maji.

Kwa hivyo sabuni ya mwarobaini ni sabuni nzuri ya kuogea, lakini usiitegemee kama tiba. Mmea kwenye sabuni hukupa rangi, mkwaruzo kidogo wa kusugua, na wakati mwingine harufu. Hata rangi yenyewe ina ujanja wake. Manjano hubaki ya dhahabu. Mlonge huanza kijani kisha hufifia polepole kuelekea kahawia. Rosela, iliyo nyekundu tamu kwenye kikombe cha chai, hugeuka kahawia ikikutana na kostiki.

Udongo, kwa upande wake, hauogopi kostiki. Kaolini nyeupe huifanya sabuni iteleze vizuri, ndiyo maana wanaopenda kunyoa kwa wembe huipenda. Udongo mwekundu, wa aina ile ambayo morani wa Kimaasai na Kisamburu huchanganya na mafuta na kujipaka, hupata rangi yake kutokana na madini ya chuma, na rangi hiyo haichujuki.

Sufuria ya nyumbani iache rafuni

Huu hapa mchanganyiko wa kuanzia, wa gramu 500 za mafuta:

- Mafuta ya nazi, gramu 150
- Mafuta ya mawese, gramu 200
- Mafuta ya alizeti, gramu 150
- Kostiki soda, gramu 72
- Maji, gramu 150
- Kijiko kimoja cha chai cha kaolini au unga wa mwarobaini

Pima kila kitu kwa mizani ya kidijitali, hata maji. Vikombe na vijiko havifai kupimia kostiki. Tena usibadilishe mafuta hivi hivi, kwa sababu kila mafuta yana kiwango chake: gramu 100 za nazi hula takriban gramu 18 za kostiki, ilhali alizeti hula kama gramu 13 na nusu. Ukiweka alizeti mahali pa nazi bila kupiga hesabu upya, utabaki na kostiki isiyo na kazi, na kazi itakayojitafutia ni kwenye ngozi yako. Hesabu ya hapo juu imeacha asilimia 5 hivi ya mafuta bila kugeuka sabuni, makusudi, ili ngozi isikauke.

Sasa sikiliza vizuri. Kostiki ndiyo inayotiwa ndani ya maji, polepole. Usimwage maji juu ya kostiki, yatachemka ghafla na kukurukia. Maji hayo hupanda joto hadi karibu nyuzi 80 bila moto wowote, na hutoa mvuke unaowasha koo. Fungua dirisha, vaa glavu na miwani ya kinga, na hakikisha hakuna mtoto karibu.

Na zile sufuria zetu za alumini? Sahau. Kostiki hula alumini na kutoa gesi inayoweza kushika moto. Tumia chombo cha chuma kisichoshika kutu au ndoo nzito ya plastiki. Magadi ya kuchemshia maharagwe nayo si kostiki, hata kama vyote ni vyeupe. Hayatakupa sabuni.

Mafuta na maji ya kostiki yakipoa hadi nyuzi 40 hivi, changanya kwa blenda ya mkono mpaka yawe mazito kama uji, kiasi kwamba matone yanaacha alama juu. Koroga udongo au unga wako kwenye kijiko cha mafuta usije ukafanya mabonge, tia, kisha mimina kwenye mkebe wa plastiki wa aiskrimu. Kata baada ya siku moja au mbili, ukiwa bado na glavu. Kisha subiri wiki 4 hadi 6 sabuni ikauke na kukomaa. Ndiyo, wiki. Hapo ndipo wengi hukata tamaa.

Kostiki ikikurukia, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi. Usipake limau wala siki ati uipunguze makali. Ikiingia jichoni, osha huku ukitafuta njia ya kwenda hospitalini.

Kama unaishi bedsita yenye dirisha moja, hakuna haja ya kujitesa. Kuna sabuni iliyotengenezwa tayari ambayo unaiyeyusha tu, unatia manjano au udongo, unamimina, na kesho yake iko tayari. Kostiki ilishaisha kiwandani.

Mahali mmea unapofanya kazi

Ukitaka mmea ukutane na ngozi kwa muda, uweke kwenye kitu kinachokaa: mafuta au barakoa ya udongo. Wanawake wa Pwani walilijua hili zamani. Singo anayosuguliwa bi harusi, na liwa inayopakwa usoni, hukaa kwanza kabla ya kutolewa.

Kwa mafuta, chukua majani yaliyokauka kabisa, yawe mwarobaini au rehani, yaloweke kwenye mafuta ya alizeti au nazi kwa wiki 2 hadi 4, kisha chuja. Majani mabichi yana maji, na maji huleta ukungu. Ukiyeyusha nta ya nyuki kidogo ndani ya mafuta hayo, unapata mafuta mazito ya midomo na visigino yanayodumu miezi kadhaa.

Chochote chenye maji ni hadithi tofauti. Jeli ya mshubiri uliyoikwangua leo itaanza kuharibika baada ya siku chache, hata kwenye friji. Tengeneza ya kutumia leo au kesho. Ukikata jani, lisimamishe dakika 15 litoe ule utomvu wa manjano, maana huwasha. Na panda mshubiri wako kwenye ndoo, usikate wa porini: mishubiri ya mwituni inalindwa nchini tangu 1986.

Barakoa ya udongo ioshe baada ya dakika 10, ikiwa bado na unyevu. Ukingoja hadi ipasuke kama ardhi ya kiangazi, imeshafyonza hata mafuta ambayo uso wako uliyahitaji.

Vya kuacha kabisa

Limau usoni. Lina asidi kali, na juisi yake ikikutana na jua kwenye ngozi inaweza kuchoma na kuacha madoa meusi kwa miezi. Yaani unatafuta kuondoa doa, unaongeza lingine.

Udongo uliochimba shambani au mtoni. Unaweza kuwa na vijidudu vya pepopunda, na risasi isiyoonekana kwa macho. Odowa za sokoni pia usizisage za kujipaka. Nunua udongo ulioandikwa kwamba ni wa vipodozi.

Na kila kitu kipya kijaribu kwanza ndani ya kiwiko, ungoje saa 24 hadi 48. Chunusi zinazouma chini ya ngozi, au ukurutu unaopasuka, hizo si za jikoni. Muone daktari wa ngozi.

Ukianza kuuza

Marafiki watakuomba vipande, halafu mtu ataleta pesa. Hapo ngozi iliyo hatarini si yako peke yako. Andika kwenye karatasi ya kufungia viungo vyote na tarehe ya kutengeneza, weka daftari la vipimo vya kila mchanganyiko, na utafute alama ya ubora ya KEBS. Usiandike "inatibu" chochote. Ukisema hivyo, unauza dawa, na dawa ina sheria zake.

Sabuni ikikutoa jasho, uchafu na harufu ya matatu bila kukukausha ngozi, imefanya kazi yake yote. Wikendi hii nunua mizani kwanza. Mwarobaini utakungoja, haukimbii.