Baiskeli ya Zawadi: Pima Mguu na Safari ya Mwenzi Kabla ya Kulipa

Mkazi wa Kisumu anayeamua kumnunulia mkewe au mumewe baiskeli ya kwendea kazini huwa amepiga hesabu nzuri. Nauli ya matatu au bodaboda hutoka mfukoni kila asubuhi na kila jioni, na mara nyingi hupanda mvua inaponyesha. Baiskeli hununuliwa mara moja, kisha hudai pancha, mafuta ya cheni na mipira ya breki. Sehemu kubwa ya jiji ni tambarare. Mtu asiye na haraka huendesha kilomita 12 hadi 15 kwa saa, kwa hivyo safari ya kilomita 5 humchukua dakika 20 hadi 25.

Hata hivyo, zawadi hii si kama kitenge au viatu. Nguo isiyomtosha mtu hurudishwa dukani au hupewa ndugu. Baiskeli isiyomtosha humwangusha barabarani, pengine mbele ya lori. Ndiyo maana haifai kuchaguliwa kwa rangi wala kwa urefu wa anayelipa. Huchaguliwa kwa mwili wa atakayeipanda na kwa njia atakayopita.

Anza na safari

Kabla ya kwenda dukani, mnunuzi ajibu maswali matatu: mwenzi anakwenda wapi, anapita barabara gani, na anabeba nini?

Anayetoka Nyalenda au Manyatta kwenda katikati ya jiji hana mlima wa kutisha. Baiskeli isiyo na gia, au yenye gia 3, inamtosha, na kadiri vipuri vinavyopungua ndivyo gharama ya fundi inavyopungua. Anayepanda kutoka Mamboleo kuelekea Riat anahitaji gia nyepesi za kupandia mlima, la sivyo atakuwa akiisukuma baiskeli kila jioni.

Tairi nyembamba za mashindano hazifai kwa murram na mashimo. Tairi za upana wa milimita 35 hadi 47 hupunguza mtikisiko na hushika vizuri kwenye matope. Kiasi cha upepo kinachotakiwa huandikwa ubavuni mwa tairi. Anayebeba mizigo ya soko la Kibuye anahitaji keria ya chuma na stendi imara ya kusimamishia baiskeli. Baiskeli nzito ya kizamani inayoitwa Black Mamba hubeba mzigo bila kulalamika, lakini kwa mtu anayelala ghorofa ya tatu uzito wake ni adhabu.

Pima mguu

Wauzaji wengi hutaja namba 26 au 28. Hizo ni inchi za gurudumu, wala hazisemi kama fremu inamtosha mtu. Kipimo kinachotakiwa ni cha mguu wa ndani.

Mwenzi asimame bila viatu, mgongo ukutani, huku amebana kitabu chenye jalada gumu katikati ya mapaja na kukivuta juu kabisa. Pima kutoka ukingo wa juu wa kitabu hadi sakafuni. Zidisha sentimita hizo kwa 0.66 upate makadirio ya fremu ya baiskeli ya mjini. Mguu wa sentimita 76 huhitaji fremu ya sentimita 50 hivi, yaani karibu inchi 20.

Hesabu hiyo ni mwanzo tu. Hukumu hutolewa na baiskeli yenyewe. Mwenzi akisimama juu ya chuma cha juu cha fremu, nyayo zote zikiwa chini, pabaki nafasi ya angalau sentimita 3 kati yake na chuma hicho. Akikaa kitini na kuweka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke. Anayejifunza ateremshiwe kiti kwanza, ili miguu yote miwili iguse ardhi.

Anayetaka kumshangaza mwenzi aandikiane na muuzaji kwamba baiskeli itabadilishwa isipomtosha. Muuzaji akikataa, ni heri kwenda dukani wawili.

Mavazi yasiwe kizuizi

Wanawake wengi huacha baiskeli kwa sababu ya fremu, si kwa kukosa nguvu. Chuma cha juu humlazimu aliyevaa sketi, dera au sare ya kazi kurusha mguu mbele ya watu. Fremu ya chuma kilichoinama humwezesha kupanda na kushuka kwa heshima zake, na humsaidia pia mwanamume mwenye maumivu ya goti au nyonga. Kifuniko cha cheni huzuia nguo kunaswa na kuchafuliwa na mafuta. Madigadi mbele na nyuma ni ya lazima Kisumu, ambako mvua ya alasiri huja bila kubisha hodi.

Breki kwanza, rangi baadaye

Rimu za chuma zilizong'arishwa hupendeza, lakini zikilowa, breki za mpira huteleza na baiskeli husimama mbali zaidi. Rimu za alumini husimama vizuri zaidi kwenye mvua. Breki ya ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, inayofungwa kwa kukanyaga pedali kinyume, haisumbuliwi sana na maji.

Kwa baiskeli ya mtumba, kaguo la dakika 10 huokoa mengi:

- Inua kila gurudumu na ulizungushe. Likiyumba, rimu imepinda au spoki zimelegea.
- Bana breki ya mbele na usukume baiskeli. Usukani ukigongagonga, kichwa cha fremu kimelegea au kimelika.
- Tazama maungio ya fremu. Ufa au rangi mpya sehemu moja tu ni dalili ya kuchomelewa.
- Tingisha pedali upande kwa upande. Zisicheze.
- Uliza mafundi wawili wa mtaani kama tairi na vipuri vya ukubwa huo hupatikana.

Fundi anayeaminika akilipwa kidogo kwenda kuikagua, pesa hizo hazijapotea.

Bajeti isiishie kwenye baiskeli

Atenge pesa za taa, kengele, kofia ya kinga, kufuli na pampu tangu mwanzo. Kisumu jua huzama kati ya saa 12:30 jioni na saa 1 usiku mwaka mzima, wakati watu wengi wako njiani kurudi nyumbani. Taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma humwonyesha mwendeshaji kwa dereva wa lori la mafuta anayetoka jijini. Kofia ikae bapa, vidole viwili juu ya nyusi, na isiwe ya mtumba, kwa kuwa iliyowahi kugongwa huenda imepasuka ndani bila kuonekana.

Zawadi ni ya aliyepewa

Risiti iandikwe jina la aliyepewa. Namba ya fremu, ambayo mara nyingi hugongwa chini ya mhimili wa pedali, inakiliwe na kupigwa picha. Baiskeli ikiibwa, namba hiyo ndiyo itakayopelekwa kituo cha polisi na kuandikwa kwenye OB. Anayenunua mtumba adai risiti vilevile, asije akashikwa na mali ya wizi.

Nyumbani pia paelewane. Baiskeli ya mama ikiishia kuchota maji na kutumwa dukani na kila mtu, siku ya kazi ataikuta ina pancha, naye atarudi kwenye nauli ileile.

Wiki ya kwanza

Mwenzi asianze Jumatatu asubuhi. Aipite njia nzima Jumapili mapema, magari yakiwa machache, ajue mashimo yalipo na mahali kijia cha pembeni kinapoisha. Aendeshe upande wa kushoto pamoja na magari, kamwe si kuyakabili, na aoneshe mkono kabla ya kukata kona. Kwenye makutano yenye msongamano kama Kondele, kushuka na kuvuka kwa miguu si aibu.

Baada ya wiki mbili, baiskeli irudishwe kwa fundi. Nyaya za breki za baiskeli mpya hulegea na spoki hutulia, na kukazwa mapema huzuia matengenezo ya gharama baadaye.