Mafua ya Ndege: Asili ya Kirusi na Tahadhari kwa Wafugaji wa Kitale na Bungoma

Mwezi wa Januari 2017, mizoga ya membe, ndege wa majini wanaohama kukwepa baridi ya Ulaya na Asia, ilionekana katika Ghuba ya Lutembe, Ziwa Victoria, nchini Uganda. Uchunguzi ulithibitisha mafua ya ndege aina ya H5N8. Kuku na mabata wa kufugwa huko Masaka waliambukizwa pia, na Kenya ikapiga marufuku uingizaji wa kuku kutoka Uganda. Habari hizo ziliwahusu sana wafugaji wa Bungoma na Kitale, kwani kaunti zao hupakana na nchi hiyo.

Je, kirusi hicho kilitoka wapi? Makao ya asili ya virusi vya mafua aina ya A ni ndege wa majini, ambao aghalabu huvibeba bila kuugua. Jeni za kirusi zimegawanyika katika vipande 8. Virusi viwili tofauti vikiingia katika seli moja, vipande hivyo huweza kuchanganyika na kuzaa kirusi kipya. Zaidi ya hayo, H5 hafifu ikiingia katika mabanda ya kuku huweza kugeuka kali. H5N1 kali ilitambuliwa kwa bata bukini huko Guangdong, China, mwaka 1996. Baadaye H5 ya ukoo huo ilijipatia N8, na ndiyo iliyofika Lutembe. Kwa hiyo ndege wahamao si wa kulaumiwa peke yao. Ufugaji nao umechangia.

Kwa binadamu, H5N1 imewapata watu zaidi ya 900 tangu 2003, na takribani nusu yao walifariki. Wengi waliwagusa ndege wagonjwa au mizoga. Kirusi hakijamudu kuenea kwa wepesi baina ya watu, lakini kila ambukizo hukipa fursa ya kubadilika.

Hatari kubwa vijijini ni mazoea. Kideri pia huua kuku kwa ghafla. Hivyo mfugaji aonapo vifo huweza kudhani ni ugonjwa ule ule, akachinja waliosalia au kuwapeleka sokoni Chwele ili aokoe karo ya mtoto. Inafaa asiguse mizoga kwa mikono mitupu, awatenge kuku na ndege wa mwituni, na kumwarifu afisa wa mifugo mapema. Nyama na mayai yaliyoiva kabisa hayaambukizi. Mwenye kuuza kuku mgonjwa huokoa fedha za siku moja, lakini huweza kupeleka maradhi katika kila boma linalonunua sokoni humo.