Usinichomee Picha

Huku mtaani kwetu Mugutha ukitoa fon kupiga picha, hakuna mtu anashtuka. Ielekeze kwa nduthi, kwa mama mboga, kwa mbuzi imelala katikati ya barabara, kila mtu anaendelea na shughuli zake. Sasa toa kakamera. Kale kadogo ka silva, lenzi inachomoka pole pole ka kichwa ya kobe. Hapo ndo utajua wasee wa mtaa wako na adabu. Mse wa nduthi anafunga zipu ya jaketi. Mama mboga anapanga nyanya upya na kukaza leso. Maboyz wa base wanaficha kitu walikuwa wanatafuna, alafu mmoja anauliza kwa sauti ya chini: "Buda, hiyo ni ya gava?" Mbuzi peke yake ndo haitingiziki.

Hii mashine niliitoa Ruiru, kwa msee hutandika turubai kando ya steji jioni, amejaza rimoti hazina tivii na chaja hazina simu. Akaanza na thao mbili. Nikamwambia punch. Tukavutana hadi thao moja na soo mbili, na akaniapia inawaka fiti. Kufika keja nafungua tumbo yake, kumbe haina betri. Hiyo "inawaka" alikuwa anaongea kwa imani.

Ni Canon ya 2005. Megapikseli 5, zumu mara 3. Siz yangu aliicheki akacheka hadi akakaa chini, ju hata fon ya mathe inaishinda kwa karatasi. Mi nikamwambia subiri.

Kusubiri nilisubiri mimi. Betri nilienda kuisaka tao, Luthuli Avenue, duka tatu nikiambiwa "hiyo ilisimama zamani" na ya nne nikipata ya kuiga. Chaja haikuwa, lakini msee wa simu hapa steji bado ako na ile ya kubana, ile ilikuwa inachaji betri za mulika mwizi zote, bora upanganishe pini na uombe Mungu. Ikakubali. Nikaweka memori kadi ya 64GB, mpya, nikijua nimemaliza. Kamera ikakataa kabisa.

Hapo ndo nilipewa darasa na huyo msee wa simu. Kadi za SD za zamani mwisho wao ni 2GB. Kuanzia 4GB hadi 32GB ni kizazi ingine, SDHC, na ikipita hapo ni SDXC, na kamera mzee haijui hizo lugha hata ukiibembeleza. Kwa hivyo mi na pesa yangu ya 64GB nikarudi kuomba mtaa mzima kadi ya 2GB. Iko wapi kadi ya 2GB dunia ya leo? Ilikuwa kwa kabambe ya anko, imekaa ndani ya droo ya vijiko, imejaa nyimbo alizowekewa na msee wa saiba akiwa bado kijana wa kuvaa suruali pana. Anko alinipa kwa masharti nimtolee hizo ngoma kwanza. Zilikuwa soo tatu na kitu. Nusu reggae, nusu za kanisa. Huyo ni anko kabisa.

Shida ya mwisho: menyu yote Kijapani. Beshte yangu alisema tupande hadi Juja, JKUAT, ju ile chuo ilianzishwa 1981 kwa msaada wa Japani, haiwezi kosa mtu anaijua. Zi. Tuliweka fon juu ya kamera, fon ikaisoma na kututafsiria, ka mjukuu anasomea guka barua. Baadaye nikajua kuna mchongo rahisi kwa Canon mob za miaka hizo: uko kwa upande wa kuangalia picha, unashikilia FUNC./SET, unabonyeza MENU, lugha zote zinajitokeza. Bure kabisa. Na hakuna mtu alikuwa amenichanua.

Unajua si mimi pekee nimeshikwa na hii homa. Cheki TikTok, madem wa kila pembe wanachimba droo za wazazi wao wakitafuta kamera za Y2K. Na ni ajabu, ju hii biashara ilikuwa imezikwa. CIPA, kile chama cha watengenezaji kamera wa Japani, kilihesabu kamera ndogo zaidi ya milioni 100 zikitoka kiwandani 2010. Kufika 2023 hazikufika milioni 2. Fon ilizimeza zote. Sasa watoto waliozaliwa zikitengenezwa ndo wanazifukua.

Sababu wanasemanga ni "vaibu". Mi nasema ni flashi. Fon ya leo haipigi picha moja, inapiga kadhaa mbio mbio, inazichanganya, inalainisha uso, inaangaza giza, hadi unatoka ukikaa mtu anauza sera. Kakamera hakana hiyo akili. Sensa yake ni ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Usiku inarusha flashi moja kwa moja kwa sura yako, sura inawaka, nyuma yako kunabaki giza, basi. Jasho inaonekana. Kovu ya ile siku ulianguka na nduthi inaonekana. Na macho yanatoka nyekundu ka ya paka wa mchawi, ju flashi imekaa karibu sana na lenzi, mwanga unaingia ndani ya jicho, unagonga damu iko nyuma na kurudi vile ulienda. Lakini luku ya usiku kwa mat ya 145, mabeshte wamebanana siti ya nyuma, hakuna fon imewahi kunipea kitu ka hiyo.

Tatizo ni ikisharusha, inapumzika. Inahesabu pumzi kitu ka sekunde nane, kataa kamewaka, huwezi piga tena. Nilikuwa nalalamika hadi nikasoma vile kamera ya kwanza ya dijitali, ile Steve Sasson alitengeneza akiwa Kodak 1975, ilikuwa inachukua sekunde 23 kuandika picha moja kwa kaseti. Nyeusi na nyeupe. Sawa, nane si mbaya.

Isipokuwa siku ya ruracio ya kazo. Unajua ile part madem wanafunikwa leso mwili mzima, wamepangwa laini, bwana atafute wake ni nani? Kazo alisimama, akatembea, akashika mkono, akafunua. Mimi dakika hiyo nilikuwa nimemaliza flashi kwa kupiga sufuria ya pilau. Sekunde nane. Leso ikatoka, nyimbo zikapigwa, dem akacheka ile kicheko hautaiona tena, na mi niko hapo nimeshika chuma inapumzika. Kazo hadi leo akiniona anasema nilimchomea picha, na ni mara ya kwanza hiyo maneno imetumika vile iko.

Lakini sikiza vile iliisha. Kulikuwa na msee wa kulipwa, kamera kubwa, droni, vitu zote. Baada ya wiki mbili alituma linki. Ndani picha soo nane. Kila mtu akafungua, akapakua moja ya kuweka status, ikapita. Shosh ako na kabambe. Linki kwake ni nini?

Mi nilikuwa nimetoa picha 24 siku nzima, ju betri ya kuiga haipiti hapo. Nikachagua kumi nikapeleka Ruiru kuchapa, saizi ya kawaida, finje kila moja. Na hapa ndo megapikseli tano zilimnyamazisha siz: picha ya inchi 6 kwa 4 inahitaji kedo megapikseli mbili tu kutoka safi. Zile zingine zote ni za kusifia fon.

Nikampelekea shosh kwa bahasha. Mi nimebeba jina ya guka, so ananiitanga mzee wake. "Mzee wangu umeniletea nini?" Akavaa miwani, akazipanga kwa meza ka karata, moja moja, bila kuongea. Kuna moja amesimama mbele ya miti ya kahawa iliyobaki nyuma ya nyumba, mistari tatu hivi, na nyuma yake zaidi gorofa ya jirani inapanda. Mugutha yote iko hivyo saa hii, kahawa inang'olewa, ploti za 50 kwa 100 zinapimwa, lori za mawe zinapita kutwa. Hakuuliza kuhusu ruracio. Aliniuliza ka naweza kumpigia hiyo kahawa tena, peke yake, kabla familia iamue kuing'oa.

Tangu hapo sina raha. Jumamosi wasee wananifuata hadi keja. Mama ya kibanda anataka moja na mtoi wake wa kwanza amevaa yunifomu. Mzee wa mawe anataka akiwa ameegemea lori si yake. Hakuna mtu anasema "nitumie". Wanauliza "utaleta lini?" Nikipiga nyumba au shamba peke yake ndo kunakuwa ngori, ju mtu na kamera mbele ya ploti hapa ni broka ama dalali wa mnada, na nimefukuzwa na mbwa mara mbili kwa hiyo kosa. Nimejifunza kuamkua kwanza.

Vumbi ndo adui. Ile nyekundu yetu ya Januari, lori ikipita inaingia hadi kwa meno. Lenzi ishakwama mara moja nusu njia ju mimi mjinga niliiacha mfukoni wazi, ikalia kidogo ikakataa kuingia. Niliipuliza na pampu ya baisikeli, kwa umbali, ikarudi. Siku hizi inalala ndani ya soksi.

Kitu moja sijatengeneza ni tarehe. Kuna kabetri ka ndani ka kukumbuka saa, kalikufa, so kila nikitoa betri kubwa kamera inarudi 01/01/2005 na kuchapa hivyo kwa kona ya picha. Mtoi wa kazo alizaliwa mwaka jana, na kulingana na ukuta wa shosh alipigwa picha wazazi wake wakiwa bado shule ya msingi. Shosh anasema iachwe tu hivyo, 2005 kahawa ilikuwa bado mingi.

Ka uko na kadi ya SD ya 2GB huko kwa droo ya vijiko, usitupe. Niulizie hapa steji ya Mugutha, niko na soo mbili taslimu. Ya anko imejaa.