Bei ya Esanse: Ile Tofauti Nani Anailipa?

Wakristu wengi wanatuuliza: inchi yetu inatoa petroli kule Muanda, na tangu 1975 hata chini ya bahari, mbona esanse tunainunua inje? Jibu ni fupi. Petroli inauzwa ikali mbichi, na kiwanda cha Muanda cha kuisafisha kiliacha kazi tangu miaka mingi.

Lakini bei ndiyo inayoleta mabishano. Katika Kongo, bei ya esanse inawekwa na waziri wa Uchumi, si na mwenye pompe. Akiiweka chini ya gharama ya makampuni, Leta inapaswa kuwalipa ile tofauti. Hapo wanasiasa wanagawanyika. Wengine wanasema: bei iachwe, kwani tajiri mwenye motokari tatu anasaidiwa kuliko mkulima anayekwenda kwa miguu, na feza ile ingelipa walimu. Wengine wanajibu: esanse ikipanda leo, kesho nauli na unga vinapanda, na mama wa soko ndiye anaumia. Nionavyo mimi, wa kwanza wana haki zaidi, ila tu ikiwa feza inawafikia walimu kweli.

Kuna na ugomvi wa kuchimba. Mwaka 2022 Serikali ilitangaza mnada wa sehemu 27 za petroli, zingine zikigusa mbuga ya Virunga; 2024 ikaufuta; 2025 ikatangaza sehemu 52. Kisima kipya peke yake hakishushi bei ya pompe, maana pipa linauzwa kwa bei ya dunia. Kinaleta feza katika sanduku la Leta, na raia ana haki ya kumuuliza depyute wake inakwenda wapi.